Ng'ombe Anayekohoa Asifichwe

(Mada iliyoandaliwa kwa mabaraza ya wafugaji, Kaunti ya Kajiado)



Mada ya leo ni ugonjwa unaojulikana kwa majina mengi. Wamaasai huuita olkipiei. Wasomali huuita sambab. Madaktari wa mifugo huuita homa ya mapafu ya ng'ombe, au CBPP. Unaletwa na bakteria iitwayo Mycoplasma mycoides. Binadamu haambukizwi ugonjwa huu, lakini unaweza kumaliza zizi.

Ng'ombe huambukizana kwa pumzi. Mgonjwa anapokohoa, matone madogo huingia katika mapafu ya ng'ombe aliye karibu naye. Ndiyo maana ugonjwa huenea palipo na msongamano: zizini usiku, kwenye kisima, sokoni na ndani ya lori.

Dalili zake ni hizi. Ng'ombe hupata homa, huacha kula na maziwa hupungua. Hukohoa, hasa anapokimbizwa. Hali ikizidi, husimama amenyoosha shingo, miguu ya mbele ameitanua, na huguna anapopumua. Akichinjwa au akifa, kifuani hukutwa maji mengi ya manjano, na mara nyingi pafu moja limekuwa gumu na kushikana na mbavu. Yeyote anayeona hayo wakati wa kuchinja amuite mkaguzi wa nyama kabla ya chochote kusogezwa.

Sasa tufike pale penye ugumu. Mfugaji mwenye ng'ombe anayekohoa anajua kwamba akitoa habari, karantini inaweza kuwekwa. Soko linafungwa, na huenda ni mwezi wa kulipa karo. Kwa hivyo wengine hununua dawa dukani na kudunga kimyakimya, au humpakia mgonjwa kwenye gari na kumuuza mbali kabla jirani hajagundua.

Njia zote mbili huongeza hasara. Penisilini haiui bakteria hii, kwa sababu penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na hii haina ukuta. Dawa nyingine, kama oksitetrasaiklini, zinaweza kupunguza homa na kikohozi. Ng'ombe hurudi malishoni, ananenepa, na mwenyewe anasema amepona. Lakini ndani ya pafu linaweza kubaki bonge la nyama iliyokufa, limezungukwa na ngozi ngumu, na bakteria wamo humo wakiwa hai kwa miezi. Bonge hilo likipasuka, ng'ombe anaweza kuanza kuambukiza wengine tena. Anayekohoa kila mtu humwona na kumkwepa. Aliyetibiwa kwa siri hakuna anayemkwepa.

Na anayeuzwa mbali hubeba ugonjwa hadi boma la mtu mwingine. Kila baada ya ukame, kama ule wa 2022, familia nyingi hununua ng'ombe wapya ili kuanza tena. Huo ndio wakati wa hatari. Tangu ng'ombe aambukizwe hadi dalili zionekane, kwa kawaida hupita mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine zaidi. Mnunuzi hawezi kumtambua kwa macho. Hata kumtenga kwa wiki mbili hakutoshi. Aulize ng'ombe ametoka wapi na alichanjwa lini, adai kibali cha kuhamisha mifugo, kisha amtenge kwa muda ambao daktari wa mifugo atamwelekeza.

Kinga ipo. Chanjo inayotumika Kenya hutengenezwa na taasisi ya serikali, KEVEVAPI. Mbegu yake, T1/44, ilitokana na bakteria iliyopatikana Tanzania mwaka 1951 na kupunguzwa makali kwa kupitishwa katika mayai mara 44. Ni chanjo hai. Ikipata joto inakufa, na ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa chache. Kwa hivyo siku ya chanjo ng'ombe wawe wamekusanywa mapema, wasingojewe. Mnyama asidungwe dawa za kuua bakteria siku hizo, maana zitaua chanjo pia. Wachache huvimba mahali walipodungwa. Hilo likitokea, aitwe daktari. Kinga hudumu takriban mwaka mmoja, hivyo chanjo hurudiwa kila mwaka. Na wachanjwe wote. Zizi lililochanjwa nusu halijakingwa.

Neno kuhusu mbuzi. Wao wana homa yao ya mapafu, CCPP, yenye bakteria yake, ambayo ilitambuliwa kwanza hapa Kenya mwaka 1976. Huua haraka, na katika kundi ambalo halijawahi kuupata inaweza kuchukua zaidi ya nusu. Chanjo ya ng'ombe haiwakingi mbuzi. Wana chanjo yao.

Kisheria, chini ya Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, homa ya mapafu ya ng'ombe ni lazima iripotiwe. Lakini ipo sababu iliyo karibu zaidi kuliko sheria. Ugonjwa ukiripotiwa ukiwa katika boma moja, huenda ukazuiwa hapo hapo. Ukifichwa hadi ufike maboma ishirini, karantini itakuwa pana na ndefu, na karo itakosekana kwa watu wengi badala ya mmoja.

Kwa hivyo, ng'ombe akianza kukohoa: mtenge, usimuuze, usimhamishe, na umjulishe afisa wa mifugo wa wadi au chifu siku hiyo hiyo. Na jirani akitoa habari, asilaumiwe kwa kufungisha soko. Ameokoa ng'ombe wa wenzake.