Dawa ya Kiungulia na Mifupa ya Wazee



Katika kaya nyingi omeprazoli imekuwa kama chumvi ya jikoni: haikosekani. Mzee aliyesumbuliwa na kiungulia aliandikiwa kapsuli moja kila asubuhi kwa majuma manne. Maumivu yalikoma, dawa haikukoma. Miaka ikapita, mjukuu akawa anatumwa dukani kila mwezi, na hakuna aliyeuliza tena kama mzee bado anaihitaji. Swali hilo ndilo shabaha ya mazungumzo haya, kwa kuwa linagusa mifupa yake.

Ni haki kuanza kwa kuifanyia dawa hii insafu. Tangu ilipoingia sokoni mwaka 1988, imewaponya watu wengi vidonda vya tumbo na kuwaepusha na kisu cha upasuaji. Katika ukuta wa tumbo mna vijipampu visivyoonekana kwa macho, vinavyomimina asidi. Omeprazoli na ndugu zake, lansoprazoli na pantoprazoli, huvifunga. Lakini asidi hiyo haikuwekwa tumboni bure. Miongoni mwa kazi zake ni kuyeyusha baadhi ya aina za madini ya kalisi ili utumbo uyafyonze, na kalisi ndiyo saruji ya mfupa. Aidha, kwa baadhi ya watu wanaotumia dawa hizi muda mrefu, kiwango cha magnesi katika damu hushuka.

Mwaka 2006 watafiti waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza wenye umri wa zaidi ya miaka 50 walitoa taarifa kwamba waliotumia dawa hizi kwa zaidi ya mwaka mmoja walielekea kuvunjika nyonga kwa kiasi cha asilimia 44 zaidi ya wasiozitumia. Tarakimu hiyo isiwatishe wasikilizaji kupita kiasi. Maana yake ni kwamba penye wazee 10 ambao wangevunjika hata hivyo, huenda wakawa 14. Haina maana kwamba karibu nusu ya watumiaji watavunjika. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza tahadhari ya kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo iandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi, hasa kwa wanaotumia dozi kubwa au kwa mwaka mmoja na zaidi.

Hata hivyo, anayemeza dawa kwa miaka mara nyingi ana maradhi mengine pia, na pengine ni hayo yanayomwangusha. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2019, lenye washiriki 17,598, liliwapa wengine pantoprazoli na wengine kidonge kisicho na dawa kwa takribani miaka mitatu. Kuvunjika mifupa hakukutofautiana. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa hii huvunja mifupa amezidisha, na anayesema haina neno hata ikimezwa maisha yote bila sababu naye amepitiliza.

Mizani huelemea zaidi kwa mama aliyekoma hedhi, mzee mwembamba, mtu aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, mvutaji wa sigara, na anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu. Kwao, kapsuli isiyo na kazi ni mzigo juu ya mzigo.

Pamoja na hayo, wapo wasiopaswa kuiacha kwa uamuzi wao wenyewe: aliyewahi kutokwa na damu tumboni, na anayetumia aspirini au diklofenaki kila siku ambaye daktari amemwandikia omeprazoli kama kinga. Kwa hao, hatari ya kutokwa na damu ni kubwa kuliko shaka ya mifupa.

Kwa wengine, kuacha ghafla huleta hila. Tumbo lililofungwa kwa miezi hufunguka kwa kishindo, likatoa asidi nyingi kuliko kawaida kwa majuma kadhaa. Huko Denmark, watu wazima wasio na ugonjwa wowote walipewa dawa ya aina hii kwa majuma manane; walipoachishwa, asilimia 44 walipata kiungulia au dalili kama hizo. Mgonjwa akiona hivyo hudhani ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa inayoaga. Ndiyo maana kupunguza dozi hatua kwa hatua, kwa maelekezo ya mganga, ni bora zaidi. Katika kipindi hicho husaidia kula chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala, na kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani.

Aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo aulize kama amepimwa vimelea vinavyovisababisha, kwani hutibika. Amweleze mpimaji kwamba anatumia omeprazoli. Isiposimamishwa majuma mawili kabla, kipimo cha choo chaweza kuficha vimelea vilivyopo.

Kuhusu chakula, maziwa na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao hutoa kalisi ya kutosha.

Anayekwenda zahanati achukue pakiti za dawa zote anazotumia na ataje mwaka alioanza kila moja. Na mzee aliyeanguka, hata kama ni kwa kujikwaa kizingitini, akishindwa kuukanyagia mguu asikandwe nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha ya nyonga.