Pikipiki ikizimika njiani: tuulize kwanza, tununue baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba kwenye mkutano mkubwa wa chama, Baraka)



Kamati ilituomba sisi tunaotembea vijijini tuseme kidogo juu ya pikipiki za chama. Munajua kazi yake: zinapeleka wamama wenye uchungu kwenye kituo cha afya, zinaleta mbegu, na siku zingine zinaingiza kitu kidogo kwenye sanduku la kusaidiana. Pikipiki ikilala wiki mbili kwa fundi, si chuma tu kimelala. Kuna mgonjwa aliyengoja, na kuna mchango wa memba ulionunua kipande kipya wakati kile cha zamani kilikuwa bado kizima.

Njo maana neno letu la leo ni moja: pikipiki ikizimika na kukataa kuwaka, tuulize kwanza, tununue baadaye. Kuuliza hakuna bei.

Mbele ya yote, tuelewane kwa majina. Wengi wenu mulivuka ziwa toka Kigoma, tangu misafara ya kurudi ilipoanza mwaka wa 2005. Wengine mulitoka Burundi, wengine hamukuondoka. Kwa hiyo kipande kimoja kina majina mawili. Aliyekuwa Nyarugusu anasema plagi, aliyebaki hapa anasema bujii. Huyu anasema bisibisi, yule turnevisi. Huyu petroli, yule esanse. Hayo hayana shida. Shida iko kwa neno "starta". Hapa kwetu starta ni kile kishikio cha kuvuta asubuhi ingini ikiwa baridi, ambacho Tanzania wanakiita choki. Lakini aliyetoka Tanzania akisikia starta, anafikiri ni kile kitufe cha kuwasha kwa batri. Tumeona kijana anaambiwa "tumia starta", akakamata kitufe mpaka batri ikaisha. Basi leo tutasema choki na kitufe. Na tutasema pikipiki, hatutasema moto, ju moto tunauweka kwa ule wa bujii. Bila hivyo tutasema "moto haina moto" na hakuna atakayeelewa.

Swali la kwanza kwa muendeshaji: ilizimika namna gani? Kama ilizimika mara moja, kama taa iliyopulizwa, anza kutafuta kwenye umeme: kontakte, waya, bujii. Kama ilikohoa, ikapungua nguvu, ikavutavuta kisha ikalala, anza kwenye esanse. Si sheria ya kila siku, lakini inakuonyesha upande wa kuanzia. Uliza tena: ilikuwa baridi ao imeshapata moto? Mvua ilinyesha? Ulitoka kununua esanse wapi? Majibu hayo yana faida kuliko sanduku zima la vifunguo.

Swali la pili: vitu vya bure viko sawa? Tazama kitufe chekundu cha kuzima kwenye usukani. Mtoto akicheza nacho, ingini haiwaki. Tazama kontakte, robine ya esanse, na kama gia iko nyutro. Pikipiki zingine hazikubali kuwaka kama mguu wa pembeni haujapandishwa. Fungua tangi na uangalie kwa macho, usiamini sahani ya kuonyesha. Kama esanse iko chini, geuza robine kwenye rizavu.

Sasa tuingie ndani. Ingini inataka esanse safi, moto wa bujii, na hewa, na inataka kuvibana kwa nguvu. Kimoja kikikosa, haiwaki. Tutazame kimoja kimoja, tusiruke.

Esanse. Sisi tunanunua kwenye chupa kando ya barabara, na chupa ile jana ilikuwa na maji. Maji ni mazito kuliko esanse, yanashuka chini kabisa ya karibureta. Hapo chini kuna skurubu ndogo ya kutolea. Weka chupa safi inayoonyesha ndani, legeza skurubu, acha vijiko vichache vitoke, ngoja kidogo. Ukiona tabaka mbili, la chini ni maji. Toa mpaka itoke esanse peke yake. Kama hakuna kinachotoka na tangi ina kitu, njia imeziba: filtri, mrija ao robine. Na kama unasikia harufu kali ya esanse na bujii imelowa, ingini imekunywa kupita kiasi. Funga robine, rudisha choki, fungua gesi yote, piga kiki mara kadhaa. Usiendelee kuvuta choki, ju unaongeza maji kwa aliyezama.

Moto wa bujii. Ngoja ingini ipoe. Puliza mchanga unaozunguka bujii mbele ya kuifungua, usije ukaingia ndani. Bujii yenyewe inasema: nyeusi na kavu, esanse ni nyingi ao hewa haitoshi, nyeupe sana, ingini inachemka kupita, rangi ya udongo mwekundu, iko sawa. Isafishe, kisha tazama nafasi ya ncha yake. Kwa ingini nyingi za aina yetu ni karibu milimita 0.6 mpaka 0.7. Rudisha bujii kwenye kofia ya waya wake, igusishe vizuri kwenye chuma cha ingini, mbali na tundu ilikotoka, na umwambie mwenzako apige kiki. Unatafuta cheche ya buluu yenye nguvu. Cheche ikiwa ya manjano na dhaifu, ao hakuna kabisa, jaribu kwanza bujii ingine, kisha tazama kofia na waya. Na hapa tuseme kwa sauti: chupa za esanse ziwe mbali, iliyomwagika ipanguswe, sigara hapana. Cheche ile haichagui cha kuchoma.

Hewa. Toka mwezi wa 6 vumbi la barabara linajaza filtri mpaka ingini inashindwa kupumua. Ifungue, ikung'ute, kama ni ya sponji, ioshe, ikauke, iwekwe mafuta kidogo. Usiendeshe bila filtri, ju mchanga unakula silinda.

Kubana. Ukipiga kiki na mguu unashuka bila kuona uzito, valvu hazifungi vizuri ao pistoni imechoka. Kama pikipiki inawaka vizuri asubuhi lakini ikipata moto inakataa mpaka ipoe, valvu inaweza kuwa imekazwa sana, ao koili inashindwa joto. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini sasa utamwambia kitu cha maana. Na kama kiki imekwama kabisa, usilazimishe. Tazama kiasi cha mafuta ya ingini. Kama ilizimikia katikati ya mto, vilevile usipige kiki. Toa bujii kwanza, maji yatoke. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yabadilishwe mbele ya kuwasha.

Sasa munaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Tuwakumbushe ile pikipiki iliyoleta maneno hapa chamani. Ilikuwa inatembea dakika ishirini, inakohoa, inalala. Ikikaa kidogo inawaka tena. Siku moja ililala njiani na mama mwenye uchungu, njia ikamaliziwa kwa kipoyi. Kwa neema ya Mungu mama na mtoto walifika wazima. Lakini watu walisema muendeshaji anauza esanse. Alitolewa kwenye zamu. Kukanunuliwa koili, kukanunuliwa batri, na pikipiki ikaendelea kulala.

Tulipokaa naye na kumuuliza yale maswali, alisema kitu kimoja: kila akifungua kifuniko cha tangi inatoa sauti, kama soda inayofunguliwa. Chini ya kifuniko kulikuwa plastiki, iliyowekwa ili mvua isiingie. Munajua wote tunafanya hivyo. Lakini kifuniko kina tundu dogo la kupumua. Likizibwa, esanse inatoka kidogo, kisha tangi inaivuta kurudi nyuma, na ingini inakosa chakula. Plastiki ikatolewa, tundu likasafishwa kwa waya mwembamba. Kazi ikaisha. Haikugharimu hata franga moja.

Koili na batri havikurudishwa dukani. Na jina la mtu halirudi haraka kama pikipiki. Kijana yule amerudi kwenye zamu, lakini miezi miwili watoto wake walikula kwa deni. Sisi tuliorudi tunajua uzito wa kuitwa mwizi mahali ambapo bado unatafuta kiwanja na majirani. Kwa hiyo kuuliza pikipiki vizuri ni njia pia ya kulindana sisi kwa sisi.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila pikipiki iwe na kaye yake. Ikizimika, iandikwe siku, mahali, ilizimika namna gani, ilikuwa na moto ao baridi, kulikutwa nini. La pili, kamati isitoe pesa ya kipande kama kaye haionyeshi kwamba esanse, moto wa bujii na hewa vimetazamwa. La tatu, asilaumiwe mtu mbele kaye haijasomwa.

Kwa wafadhili wetu: aksanti kwa pikipiki mulizotusaidia kupata. Mukitaka kuzifanya ziishi, kifunguo cha bujii, bujii moja ya akiba, filtri na kifaa cha kupima nafasi ya ncha vitatusaidia zaidi kuliko pikipiki mpya. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti.

Kwa vijana: kesho asubuhi, mbele ya kutoka, kila mmoja afungue kifuniko cha tangi yake na aangalie. Ukikuta plastiki, itoe. Mvua ikija, funika kwa juu ukiwa umesimama, si kwa ndani ukitembea.

Mwenye swali ainue mkono, na mwenye pikipiki iliyolala nyumbani ailete hapa nje. Tutaiuliza pamoja.