Kuku wa Nyumbani na Majira ya Mwaka

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya kuku wa nyumbani, nasi twaona ni heshima kubwa kupewa nafasi hii mbele ya wazee waliokuwa wakifuga kuku kabla sisi hatujazaliwa. Hatukuja kuwafunza wazee kazi wanayoijua. Tumekuja kuyaweka pamoja yale yanayojulikana na wazee wetu na yale yaliyothibitishwa na waganga wa mifugo, ili kila mwanachama ajue lipi alitende, na wakati gani.

Huenda mtu akauliza: Chama cha maslahi ya watu kina haja gani na kuku? Jawabu lake si refu. Chama chetu kipo ili kumsaidia mwenzetu afikwapo na msiba, maradhi au shida ya karo. Lakini katika miji yetu, toka Tiwi na Diani hata Msambweni na Vanga, uko msaada unaomfikia mtu hata kabla Kamati haijakutana, nao ni kuku aliye uani. Mgeni akibisha hodi, huchinjwa kuku. Mtoto akitakiwa daftari, huuzwa kuku. Mgonjwa akipelekwa hospitali, nauli yake aghalabu ni kuku. Na mali hiyo mara nyingi ni ya mama wa nyumba, au ya mjane asiye na minazi wala ng'ombe. Basi kuku wa mji mzima wanapokufa kwa juma moja, hazina ya wanyonge imeteketea, na kesho yake wenyewe watakuja mlangoni pa Chama.

Kuku ana mwaka wake, nao hufuata pepo na mvua. Kila majira huleta chakula chake na adui wake. Mwenye kuwaandalia kuku wake kabla majira hayajaingia huwahifadhi. Mwenye kungoja mpaka aone kuku amejikunyata hana la kufanya ila kuchimba shimo.

Tuanze na kaskazi, toka Desemba hata Machi. Jua ni kali, ardhi ni kavu, na wadudu wamejificha. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kila ahemapo hupoteza maji. Kuku mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, na siku za joto huzidi hapo. Asiyepata maji huacha kula, na asiyekula huacha kutaga. Basi maji yatiwe katika chombo cha udongo, chini ya mwembe au mkorosho, yabadilishwe asubuhi na adhuhuri, na chombo kisuguliwe, maana maji machafu ni mlango wa maradhi. Tena wapo katika miji yetu kuku wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, na kuku wa kidimu, wenye manyoya yaliyopindika. Watu huwacheka kwa sura zao, lakini wataalamu wameona kwamba kuku wa namna hizo hustahimili joto kuliko wenzao. Yafaa tuwaache wazae.

Chakula cha siku hizo kavu ni muhogo na machicha ya nazi. Vyote viwili ni vyema, lakini kila kimoja kina sharti lake. Muhogo mchungu una sumu; ukatwe vipande vidogo, uanikwe juani hata ukauke, ndipo kuku wapewe. Tena muhogo hutia nguvu tu, haujengi mwili wala yai, kwa hiyo uandamane na dagaa, au vichwa vya samaki, au kunde zilizopikwa. Machicha yatolewe siku ile ile nazi ilipokunwa, kwani yakilala huchacha. Walio karibu na bahari, kama wenzetu wa Gazi, Msambweni na Shimoni, hawana udhuru, maana mabaki ya samaki hayakosi. Yakaushwe, yatwangwe, wapewe kidogo kidogo. Yakizidi, mayai yatanuka samaki. Kadhalika maganda ya chaza yakichomwa na kutwangwa humpa kuku chokaa ya kufanyia ganda la yai. Maganda ya mayai nayo yafaa, lakini yapondwe sana, kuku asije akayatambua na kujifunza kula mayai yake mwenyewe.

Masika huingia mwishoni mwa Machi au katika Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Hapo chakula cha kuchakura ni tele, lakini unyevu ndio adui. Kifaranga aliyelowa huweza kufa usiku ule ule. Kizimba na kiinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita moja, sakafu yake iwe ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini, na paa la makuti lishuke vya kutosha kuzuia mvua ya upepo. Kizimba kilicho chini kitandazwe majani makavu, yatolewe yakilowa. Kazi hii ifanywe mwezi wa Februari, makuti yangali makavu na fundi hajashughulika na mapaa ya watu.

Maradhi ya masika ni mawili hasa. La kwanza ni kuhara damu, ambako hushika vifaranga wanaokanyaga kinyesi chenye unyevu. Kinga yake ni ukavu, na dawa yake hutiwa katika maji ya kunywa kwa maagizo ya afisa wa mifugo. La pili ni ndui ya kuku, ile ya vipele vya kichwani, ambayo huenezwa na mbu. Yafaa tufyeke majani na kumwaga maji yaliyotuama karibu na kizimba. Tena mahindi yaliyoota ukungu yasitupiwe kuku kwa kudhani kwamba tumbo la kuku halidhuriki. Sumu ya ukungu huo huua. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika nchi hii, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kisichofaa kuliwa na mtu kwa sababu ya ukungu hakimfai kuku.

Lakini masika yana neema yake, nayo ni mchwa. Chukua chungu kikuukuu, ukijaze samadi kavu na mabua ya mahindi, ukinyunyizie maji kidogo, kisha ukifudikize jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi kitakuwa kimejaa. Kwa vifaranga hakuna chakula kinachojenga mwili kuliko hicho, wala hakigharimu hata senti moja.

Kusi likishatulia, toka Julai hata Septemba, hewa hupoa na mahindi huvunwa. Hayo ndiyo majira mema ya kulalisha kuku mayai. Kuku wa kienyeji awekewe mayai 10 hata 13, yaliyo safi na yasiyokaa zaidi ya juma moja au mbili. Naye ataatamia siku 21. Kizimba kikingwe upande wa kusini upepo unakotoka, bila ya kuzibwa hewa. Jioni kila kuku apewe konzi moja ya nafaka, ili ajue njia ya kurudi nyumbani.

Hapa ndipo hasara yetu kubwa ilipo, wala hatuihesabu kwa sababu huja kidogo kidogo. Tuchukue mfano. Kuku mmoja akiangua mara 3 kwa mwaka, kila mara vifaranga 10, jumla yao ni 30. Wakiachwa wamfuate mama yao toka siku ya kwanza, mara nyingi zaidi ya nusu hupotea kabla ya majuma manane. Tuseme hubaki 3 kila uzao: hao ni 9 kwa mwaka. Wakitunzwa wakabaki 7, ni 21. Kuku ni yule yule, mayai ni yale yale. Tofauti ya 12 imetokana na tenga moja tu la makuti. Vifaranga na wafunikwe chini ya tenga pamoja na maji na chakula chao kwa majuma manne ya kwanza, kisha wafunguliwe saa chache tu machoni pa watu.

Adui wa vifaranga zamani alikuwa mwewe, naye wazee walijua kumkemea. Sasa ameongezeka kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si ndege wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na baadaye akaonekana Mombasa na pwani yote. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa idadi ya milioni moja. Hufuata taka, basi matumbo ya samaki na makombo yasitupwe ovyo uani, kwani tunamwita sisi wenyewe.

Vuli huja Oktoba hata Desemba, na pamoja nayo sikukuu za mwisho wa mwaka, safari na biashara. Kuku huchukuliwa huku na huko, kwa pikipiki na kwa matatu, toka Kinango hata Ukunda. Hapo ndipo mdondo unapopata njia. Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi twasema kamba hiyo na iwe ya siku 14: kuku aliyenunuliwa au kuletwa zawadi afungwe mbali na wenyeji kwa majuma mawili, na chombo chake cha maji kiwe mbali. Akiwa mzima baada ya hapo, afunguliwe.

Na sasa tuuseme mdondo wenyewe, ambao wengine huuita kideri. Kuku hujikunyata, huhara kijani, huhema kwa shida, shingo hupinda, mabawa huanguka. Na katika uwanja usio na kinga huweza kufa karibu wote. Dawa ya kuponya haipo. Watu husema ni upepo, umekuja na utapita, wala hauzuiliki. Kwa heshima yote twaomba tofauti. Maradhi haya yalitambuliwa katika mwaka 1926, huko Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ambao ndio uliyapa jina lake la kigeni. Katika Kenya yaliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1935, hapa hapa pwani. Jambo lenye mwanzo unaojulikana si desturi ya mababu. Tena huenezwa na miguu, viatu, matenga, na kuku wagonjwa wanaouzwa haraka kabla hawajafa.

Kinga ipo, nayo ni chanjo ya tone moja la jicho. Hutengenezwa katika nchi yetu na shirika la Serikali, KEVEVAPI, na ipo namna inayostahimili joto kiasi, iliyotafitiwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Hutolewa kila baada ya miezi minne, kwa kuku wazima tu, maana haimponyi aliyekwisha ugua. Nyama na mayai ya kuku aliyechanjwa hayana dhara.

Kwa nini basi kuku wetu wangali wakifa? Kwa sababu chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa lazima itumike siku ile ile. Mama mwenye kuku 8 hawezi kuinunua peke yake, na akiinunua ataimwaga. Jambo hili mtu mmoja haliwezi, ila kwa Chama ni jambo dogo.

Tunajua yamesemwa maneno katika Kamati: kwamba fedha za wanachama zisichanje kuku wa wasio wanachama. Neno hilo lina haki yake, nasi hatulidharau. Lakini na tufikiri. Kati ya chanjo na chanjo, kuku wetu huangua, na vifaranga hao hawana kinga. Jirani asiyechanja huyaweka maradhi uani kwake, na vifaranga wa mwanachama huyafuata huko wakichakura. Kuku hasomi kadi ya uanachama. Asiye mwanachama na atozwe senti zake kwa kila kuku, na asiye nacho asamehewe; kumwacha nje ni kuacha mlango wazi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twauomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, ziwekwe siku za chanjo za mji mzima mara tatu kwa mwaka, mwezi wa Machi, Julai na Novemba, kwa shauri la ofisi ya mifugo ya Kaunti, alfajiri kuku wangali ndani. Pili, Chama kitenge fungu la kununulia chanjo na sanduku la baridi, na wachaguliwe vijana wawili katika kila mji, mmoja wao awe mwanamke, wafundishwe kazi hiyo. Tatu, mwenye kuku wagonjwa atoe habari siku ile ile, asiuze wala asigawe, na wafu wazikwe shimo refu au wachomwe. Naye asitukanwe kwa kusema kweli, bali asaidiwe.

Hayo matatu hayahitaji utajiri. Yanahitaji tukubaliane siku moja, sote, na tuishike. Mjane anayelala usiku akijua kuku wake watakuwa hai baada ya vuli, huyo Chama kimemsaidia kabla hajaomba.

Twawaomba wazee watusahihishe palipo na upungufu.