Kisu cha Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba baridi huteremka kutoka milima ya Nyambene hata Mikinduri. Chai hukua polepole, na ndipo sisi wakulima hupogoa. Kila baada ya miaka 3 au 4 mti wa chai hukatwa chini ya kiuno cha mtu, na matawi huachwa shambani yaoze yawe mbolea. Kwa muda wa miezi kama 3 hatuchumi kitu, na karo ya watoto inangoja. Ndiyo sababu mara nyingine tumeahirisha. Miti ikarefuka, majani yakapungua.

Katika Yohana 15 Bwana Yesu anamwita Baba yake mkulima wa mzabibu. Je, naye twamwomba aahirishe? Anayekata ndiye aliyepanda. Tumwache afanye kazi yake. Amina.