Swali Linalopimika: Kuchagua na Kupanga Mradi wa Maonyesho ya Sayansi katika Shule za Masisi na Walikale



Shule ikitangaza maonyesho ya sayansi, walimu wenzangu, volkano ya udongo haikosi: magadi, siki, povu jekundu, makofi. Huku kwetu, ambako mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka Mei 2021 na watu wa Goma wakakimbilia Sake, povu lile linamfundisha mtoto nini? Hilo ni onyesho. Mradi huanza na swali ambalo mwanafunzi hajui jibu lake, na ana njia ya kulipima.

Napendekeza tuanzie jikoni. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu digrii moja. Kwenye vilima vya Masisi vinavyofika mita 2,000, maji huchemka kwa digrii 93 hivi. Walikale, chini kule msituni, yanakaribia 98. Kuchochea moto hakubadilishi kitu: sufuria itatokota kwa fujo zaidi, maji yataisha upesi, joto litabaki lilelile. Basi maharagwe yanachelewa kuiva kwa dakika ngapi huku juu? Yakilowekwa usiku kucha, tunaokoa makaa kiasi gani? Mama yeyote anayenunua makaa atataka kulisikia jibu, na shule mbili, moja ya Masisi na moja ya Walikale, zinaweza kulitafuta pamoja.

Kupanga ndiko kugumu. Maharagwe yaliyokaa sana ghalani huchelewa kuiva, kwa hiyo kila shule ikinunua sokoni kwake, tutakuwa tumelinganisha magunia, si miinuko. Yatoke gunia moja, yagawanywe mwanzoni. Kipimo, maji, sufuria na kifuniko viwe sawa. Yaliyolowekwa yapikwe kando na yasiyolowekwa. Kigezo cha kuiva nacho kikubaliwe mapema: chota punje kumi, ukiziminya kwa vidole na tisa kati yake zikapondeka, andika saa. Rudia mara tatu. Kupika mara moja hakuthibitishi kitu.

Kuhusu kalenda nitasema machache, maana wote tunaijua hali. Barabara hufungwa, shule hufungwa, familia huhama. Chagueni mradi unaoweza kumalizika katika wiki chache, na daftari la vipimo liwe na nakala ya pili kwa mwanafunzi mwingine.

Jambo moja silikubali kabisa: kumtuma mtoto kwenye machimbo ya Rubaya au Bisie akalete mawe ya mradi. Mashimo huporomoka, na koltani mara nyingi huwa na chembe za urani na thori. Madini yasomwe kwenye kitabu.

Kabla hatujatawanyika, kila shule iandike swali moja, na mbele yake kipimo: dakika, gramu au digrii. Lisilo na kipimo tutalirudisha.