Usiuze friza kabla ya kupiga hesabu



Juma lililopita nilishuka Magogoni, soko la samaki la Feri, kutafuta kitoweo. Mama mmoja mkaanga samaki, ambaye tunafahamiana siku nyingi, akanivuta pembeni.

"Kaka, unitafutie mteja wa friza. Nataka kumpeleka huyu binti chuo. Miezi mitatu tu, atakuwa mwanasheria."

Binti alikuwa hapo hapo. Akanipa shikamoo, kisha akanionyesha karatasi ya tangazo aliyopewa Kariakoo: cheti cha usaidizi wa kisheria. Nikawaambia, uzeni baadaye. Kwanza tukae tupige hesabu.

Tuseme ada ni shilingi 600,000. Nauli, chakula cha mchana na fotokopi, tuseme 5,000 kwa siku. Siku 60 za masomo ni 300,000. Jumla 900,000. Wengi wetu hesabu yetu huishia hapo. Lakini friza lile ndilo humwezesha mama kununua samaki siku wanapojaa na bei iko chini, akawakaanga siku bahari imechafuka. Kama linamwingizia faida ya 10,000 kwa siku, kwa siku 90 atakosa 900,000 nyingine. Kumbe cheti ni 1,800,000, na cheti kikishapatikana friza halirudi.

Sasa tuje kwenye mapato. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyompa msaidizi wa kisheria nafasi inayotambulika. Kazi yake ni kuelimisha watu, kuwasaidia kupata nyaraka, kuwaelekeza penye haki yao, na kuwashauri wagombanao wapatane. Hasimami mahakamani kumtetea mtu kama wakili. Na kubwa zaidi, msaada huo ni wa bure. Anayesaidiwa hatozwi kitu.

Binti aliponisikia hapo, uso ulimbadilika. "Sasa mjomba, mshahara unatoka wapi?"

Ndilo swali lenyewe, ndugu wasikilizaji. Wapo wanaopata posho kutoka kwenye shirika au mradi. Lakini posho si mshahara, na mradi ukifungwa posho nayo hufungwa. Atakayeamua kuwatoza wanyonge kwa siri amekwisha kuwa kishoka, na mjini hapa vishoka tunao wa kutosha.

Msinielewe vibaya. Sisemi kazi hiyo haina maana. Ni wajane wangapi wamefukuzwa katika nyumba walizojenga na waume zao, kwa sababu tu hapakuwa na jirani wa kuwaambia kwamba mirathi hufunguliwa mahakamani, wala haigawanywi kwa sauti ya shemeji mwenye hasira? Jirani huyo ni mtu wa thamani sana. Lakini thamani ni jambo moja na kipato ni jambo jingine. Mwenye duka au cherehani yake anaweza kujifunza usaidizi wa kisheria na akaufanya vizuri mno, maana ugali wake unatoka kwingine. Anayeuza chombo cha ugali ili aufanye, atawasaidiaje wenzake naye analala njaa?

Tena neno "cheti" linaficha mambo mawili. Mafunzo mafupi ya usaidizi wa kisheria ni kitu kimoja. Astashahada ya sheria, kama ile inayotolewa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ni kitu kingine. Hiyo ni ngazi. Ukifaulu unapanda stashahada, kisha shahada, na anayetaka uwakili hupitia pia ile taasisi ya mafunzo ya sheria kwa vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ni safari ya miaka, si ya miezi mitatu, lakini kila kidato kinakupeleka kwenye kingine.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujatoa senti, uliza maswali matatu. Je, chuo hiki kimesajiliwa na NACTVET? Cheti hiki kinampokelesha mtoto ngazi gani inayofuata? Na nani hasa atamlipa akimaliza? Ukijibiwa kwa maneno matamu bila maandishi, funga mkoba wako.

"Basi nisisome?" binti aliniuliza.

Nikamjibu, soma mwanangu. Kachukue matokeo yako ya kidato cha nne, ukaulize kama yanakuruhusu kuingia astashahada. Ada mama atailipa kidogo kidogo kwa faida ya samaki, na wewe asubuhi utamsaidia kuparua magamba.

Mama alinyamaza kitambo, halafu akafungua friza, akanichagulia changu mkubwa. Nilipotaka kumlipa akakataa. Nikamwekea fedha juu ya meza. Nikamwambia, dada, ushauri ndio wa bure, samaki hapana.