Mhudumu wa Macho wa Kijijini na Haki ya Anayehudumiwa



Tunapozungumzia haki za mtumiaji, aghalabu tunataja mizani ya duka, bei ya unga na tarehe ya mwisho ya matumizi. Leo tunaomba tuzungumzie huduma isiyo na bei: ile ya mhudumu wa afya wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba kutazama macho. Huduma ya bure nayo ina kipimo chake, na ni haki yenu kukijua.

Katika vijiji vingi vya Tanzania mhudumu huyu amezoeleka kwa sababu ya trakoma, ugonjwa tunaouita vikope. Ndiye ajaye na fimbo yenye alama, akawasimamisha watu kando yake, na kwa urefu wa mtu akajua kiasi cha dawa ya azithromaisini cha kumpa. Fimbo hiyo hushika nafasi ya mizani. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi dawa hiyo. Yeye hupakwa marhamu ya tetrasaiklini. Dawa za kampeni hizi hutolewa bure, na mtu akidai malipo, hata ya soda, mnayo haki ya kumwuliza mbele ya uongozi wa kijiji.

Mhudumu aliyefunzwa hupima pia uwezo wa kuona, kwa kibao chenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku. Hufunika jicho moja, kisha la pili. Msikubali kupimwa macho yote mawili kwa pamoja tu, kwa maana jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Aliyepita miaka 40 asiyeweza tena kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele, mara nyingi ana tatizo la umri, na miwani ya kusomea humsaidia. Hata hivyo, miwani isimzuie kwenda kupimwa kikamilifu. Presha ya jicho huanza kula pembezoni mwa uoni, taratibu na mara nyingi bila maumivu.

Sasa tuje kwenye mtoto wa jicho. Hakuna tone wala majani yanayomyeyusha. Tiba yake ni upasuaji. Anayewauzia chupa kwa ahadi hiyo, hata akiwa amevaa fulana ya mhudumu, amekwisha kutoka katika kazi yake. Baya zaidi ni matone yenye steroidi yanayotumiwa bila agizo la mtaalamu. Hutuliza wekundu kwa siku chache, mgonjwa akashukuru, kumbe yaweza kupandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho yuleyule na kuuchochea uambukizo katika jicho lenye kidonda. Mkojo na maji ya majani navyo huingiza vijidudu. Kidonda kikipona, kovu hubaki juu ya mboni.

Kazi ngumu ya mhudumu, kwa maoni yetu, si kupima. Ni kuishawishi kaya. Bibi ana ukungu machoni, na wanawe wanasema asubiri mpaka mtoto wa jicho akomae. Zamani ushauri huo ulikuwa na msingi, lakini upasuaji wa siku hizi haungoji kukomaa. Kinachongojewa hasa ni nauli, mtu wa kumsindikiza na idhini ya kijana aliye mjini. Bibi mwenyewe husema ameshaona ya kutosha duniani. Tuliomsikia akisema hivyo tunajua kwamba hataki tu kuwa mzigo.

Yapo yasiyongoja hata siku moja: mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, jicho lililochomwa na mwiba, na uoni uliopotea ghafla. Jicho lililoingiwa na chokaa au asidi lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika zisizopungua 15, ndipo safari ianze.

Mhudumu akiwashauri kwenda hospitali, mwombeni karatasi ya rufaa iliyoandikwa ni jicho lipi na limeonekana na nini. Mwulizeni pia siku ambayo mtaalamu wa macho hupatikana, kwa maana si kila hospitali huwa naye kila siku, na nauli ya bibi huenda isipatikane mara mbili.